Mkamwana Aliyeagwa Akabaki

Hapa mtaani Mirongo, Mwanza, wanasema kwamba Winnie na mume wake walikula zawadi za usharika kisha wakajificha. Wengine wanasema walifika uwanja wa ndege wakarudishwa kwa sababu ya damu zao. Si kweli. Mwaka ule hawakufika uwanja wowote wa ndege, na zawadi waliyokula ni jogoo mmoja, ambaye asingeweza kusubiri ndani ya sanduku. Nimenyamaza kwa miaka. Naandika sasa kwa sababu juzi mwanamke mmoja alinisimamisha nje ya kanisa akaniuliza, kwa sauti ya huruma, kama huko waliko "dawa zinapatikana." Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Huruma ya namna hiyo naijua inakotoka.

Jambo lenyewe linamhusu mkamwana wangu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo nianze naye.

Winnie ni binti wa mzee Mhoja, fundi baiskeli wa Igoma. Wao ni Wasukuma, sisi ni Wahaya wa Kagera tulioletwa Mwanza na kazi. Siku mwanangu Rwekaza alipomleta nyumbani kututambulisha, marehemu mume wangu Longino alimpa punje za kahawa kiganjani, kama tunavyomkaribisha mgeni. Mgeni hutafuna moja moja polepole huku mazungumzo yakiendelea. Winnie alizirusha zote kinywani akazimeza kwa maji, maana alikuwa muuguzi mkunga na kila kidogo alichopewa kiganjani alikiona kidonge. Longino alicheka hadi akavua miwani. Kabla hatujamaliza chai, binti alikuwa amesimama anakusanya vikombe.

"Huyu," Longino aliniambia kwa Kihaya, "atatuosha hata midomo."

Hivyo ndivyo alivyo. Hakai. Akikaa, anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake. Wodini walimpenda kwa sababu hiyo, na mimi ilinichukua muda kumzoea kwa sababu hiyohiyo. Kicheko chake kinasikika nyumba ya tatu. Nilimwambia mara nyingi kwamba mwanamke anaweza kufurahi bila kuwaarifu majirani. Alinijibu, "Ndiyo, Mama," akacheka.

Mwaka wa tisini na tatu alikuja usharikani kwetu mchungaji mgeni kutoka Papua Nyugini. Alieleza kwamba kwao kisiwani kuna kituo cha misheni chenye zahanati isiyo na mkunga na jenereta isiyo na fundi. Alisema zamani walizoea kuwaomba Wazungu, sasa wanaomba Waafrika pia. Watu walimpigia makofi wakaenda nyumbani kula. Winnie hakwenda nyumbani. Nilimkuta nyuma ya kanisa akimuuliza mgeni kina mama wa huko wanajifungulia wapi mvua ikinyesha.

Rwekaza alikuwa fundi wa mitambo ya baridi katika kiwanda cha minofu ya sangara. Mnakumbuka miaka ile. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, waliopunguzwa kazi walikuwa wanafungua vibanda vya mitumba, na nafasi katika kiwanda cha samaki watu waliitafuta kupitia kwa wajomba. Sasa mtu aiache, achukue mke na mtoto, aende ng'ambo kwa kazi ya kujitolea? Hakuna aliyeelewa. Kaka yake Winnie alikuja kwangu kumhoji shemeji yake.

"Shemeji, umefukuzwa kazi?"

"Sijafukuzwa."

"Umeiba?"

"Sijaiba."

"Sasa unakimbia nini?"

"Anakimbizwa na mimi," Winnie alisema kutoka jikoni, na nyumba ya tatu ikasikia.

Sikufurahi, lakini sikupinga. Nilichotaka ni kimoja tu: waondoke na jina safi. Longino alikuwa amefariki mwaka wa tisini na moja. Alikonda kabla ya kufa, na miaka ile Mhaya akikonda, watu walikuwa na jibu tayari hata kabla ya daktari. Nilisimama kwenye msiba wa mume wangu nikiyaona macho ya watu yakimpima Rwekaza, kisha yakinipima mimi. Kanisa lililowaalika lilitaka wapimwe afya yote, damu ikiwemo. Walipimwa. Mtu fulani akawaona wakitoka maabara. Basi.

Ibada ya kuwaaga ilikuwa Septemba ya mwaka wa tisini na nne. Kwaya ilitunga wimbo wenye majina yao, na jina la mjukuu wangu Odeta likapewa ubeti wake. Mzee wa kanisa Josephat alisimama kusoma risala akashindwa, akalia hadi karatasi ikachukuliwa na mtu mwingine. Walipewa vitenge, mikeka na yule jogoo. Mchungaji aliwawekea mikono, wanawake wakalia, na hata mimi, ambaye si mtu wa machozi hadharani, nilitumia leso.

Nyumba ya kupanga ya Igoma walikuwa wameirudisha. Vyombo waliviuza kwa mnada uani kwao, na jirani yangu Ng'washi, muuza mapanki ya kukaanga, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani, pale Mabatini, alifunga safari hadi Igoma akanunua sufuria kubwa na sahani za bluu. Wakaja kwangu na masanduku yao kusubiri treni ya kwenda Dar es Salaam.

Treni ilikuwa kesho yake wakati faksi ilipofika ofisi ya dayosisi. Mlima wa moto ulikuwa umepasuka karibu na mji ambao wangefikia. Majivu yalikuwa yameporomosha mapaa na kufunika uwanja wa ndege. Wasije mpaka wajulishwe.

Mchungaji alileta habari mwenyewe. "Mama Mwalimu, nitalitangaza Jumapili, watu wataelewa."

"Hawataelewa," nilimwambia. "Nimefundisha milima ya moto maisha yangu yote. Nusu ya darasa hawaamini mpaka leo. Tangaza utakapokuwa na tarehe mpya mkononi."

Nilijua nilichokuwa nasema. Mwaka mmoja nyuma, familia moja ya Mabatini iliagwa kwa michango na nyimbo ikienda Kanada. Baada ya muda ikaonekana Geita, mama akiuzia wachimba dhahabu vitumbua. Mtu aliyeliliwa kanisani Jumapili hawezi kuonekana Jumanne akichagua nyanya sokoni. Kila chozi litadaiwa. Kwa hiyo niliwaambia wakae ndani siku chache, na wala sioni aibu kusema kwamba wazo lilikuwa langu. Hakufungiwa mtu. Funguo za mlango zilikuwa mezani.

Siku chache zikawa Oktoba, na Oktoba ikaisha.

Sijui kama mmewahi kukaa na mtu asiyekaa katika nyumba yenye mapazia yaliyofungwa. Winnie alizifua nguo zote, kisha akazifua tena zikiwa safi. Zilianikwa chumbani, nyumba ikanuka unyevu. Alitembea kutoka dirisha la barabarani hadi mlango wa uani, akageuka, akarudi, mpaka nikaanza kumsikia hata alipokuwa amelala. Masanduku yalikaa mlangoni yakiwa yamefungwa. Kila walipohitaji soksi au kitana, sanduku lilifunguliwa, likapekuliwa, likafungwa upya kwa magoti. Rwekaza alikitengeneza kila kilichokuwa kimeharibika nyumbani kwangu, akaanza na vilivyokuwa vizima. Odeta, mwenye miaka sita, alikuwa amejifunza kuamkia kwa lugha ya huko na alitaka kumwamkia mtu.

"Bibi, tumeshakufa?" aliniuliza siku moja.

"Nani kakwambia?"

"Kanisani walituimbia kama marehemu. Na sasa hatutoki."

Winnie alicheka, akakumbuka, akajiziba mdomo kwa kanga. Sikupenda kumwona akijiziba mdomo. Nilikuwa nimetaka hivyo kwa miaka, na sikupenda.

Ng'washi alikuwa na desturi ya kuniletea samaki jioni. Siku moja aliingia bila hodi, watoto wangu wakakimbilia chumbani. Alikuwa amebeba ileile sufuria ya Winnie.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ng'washi. Karibu kiti."

"Sikai, nimeacha mafuta jikoni." Akaangalia meza, akamaka kwa Kisukuma. "Mayu! Mwalimu, siku hizi unakula kwa sahani nne?"

"Nilikuwa na wageni."

"Wageni wa wapi hao, mbona sijawaona wakiingia?"

"Wa Bukoba."

"Meli ya Bukoba ni kesho." Akafunua sufuria, akanipakulia samaki. Akaongeza, akaongeza tena. "Haya. Wageni wa Bukoba wasilale njaa. Na huyo mgeni mdogo anayeimba wimbo wa kwaya, mwambie anakosea ubeti wa pili."

Alitoka. Nilibaki nimeshika sahani. Tangu jioni hiyo nilijua kwamba anajua, na yeye alijua kwamba najua, lakini hakusema neno mtaani. Nawaomba mnaomwita mbea mkumbuke hilo.

Mume wake, Machibya, alikuwa mlinzi kiwandani alikofanya kazi Rwekaza. Nimtaje vizuri, kwa sababu Longino alipofariki na ikabidi tumvushe ziwa akazikwe kwao katika kibanja chake, shamba la migomba la ukoo, Machibya alipanda meli na sisi. Hakuwa ndugu, hakuwa Mlutheri, na alikuwa hajawahi kupanda meli. Alisimama kando ya jeneza safari nzima akitapika pembeni na kurudi mahali pake.

Novemba, asubuhi yenye joto, Ng'washi alikuja kwa hodi. Hilo pekee lilinishtua. Alisimama mlangoni, kanga imemteremka begani.

"Mwalimu, Machibya ana tumbo. Ile ngiri yake imetoka tangu jana, hairudi. Anatapika. Nimempa dawa ya mizizi, ametapika na mizizi."

"Mpeleke hospitali."

"Anakataa. Anasema wanaume hawaendi kumwonyesha daktari mahali pale." Akaangalia pazia la chumbani. Hakuniangalia mimi. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Angekuwepo mkamwana wako, angemwangalia. Lakini ndiyo hivyo, yuko Ulaya."

"Papua," nilisema.

"Hukohuko."

Nilifikiri kwa haraka. Nilifikiri juu ya dirisha la Mama Justa, jirani wa pili, linaloona mlango wangu wa mbele na wa uani. Nilifikiri juu ya Mzee Josephat na risala yake iliyolowa. Nilikuwa nataka kusema kwamba nitakwenda mimi mwenyewe kumshawishi Machibya, na ningekwenda. Pazia lilifunguka kabla sijasema.

"Kinyesi kinatoka? Upepo unatoka?" Winnie aliuliza, kana kwamba walikuwa wameachana naye jana.

"Hakuna kitu, mwanangu. Tumbo limekuwa ngoma."

Wanaosema nilimng'ang'ania gauni mlangoni wanasema uongo. Nilimshika mkono, ndiyo. Nilimwambia, "Jifunge kanga kwanza. Hutatoka nyumbani kwangu na gauni la kulalia." Nikamfunga kwa mikono yangu. Akatoka.

Alimgusa Machibya tumbo mara moja tu, akaacha kuwa mpole. "Baba, utumbo umenyongwa humo ndani. Ukibaki hapa na haya zako, tutakuzika nazo." Rwekaza alikwisha kutoka kutafuta gari. Hakukuwa na gari. Alirudi na mkokoteni wa sokoni uliokuwa na magunia ya viazi, mwenye mali akifuata nyuma akipiga kelele kuhusu viazi vyake. Wakamlaza Machibya juu ya mikeka mipya. Ile mikeka ya zawadi. Nilikuwa nimeitoa mimi, haikuwapo mingine.

Basi ndivyo mkamwana wangu alivyorudi duniani: saa ya watu wote kuwa sokoni, akitembea kando ya mkokoteni katikati ya Mirongo, mkono mmoja kwenye tumbo la Machibya, mwingine ukiwasukuma watu wapishe, akipaza sauti ile ambayo majuma yote hayo ilikuwa imezibwa kwa kanga. Waliomwimbia walikuwa pale nyuma ya mafungu yao ya nyanya na dagaa. Mama mmoja wa kwaya aliangusha kipimo chake.

"Jamani, si huyu tuliyemuaga?"

"Ndiye."

"Papua imekuja Mirongo!"

Watu walicheka, wengine walisonya. Winnie aligeuka akamwambia mama wa kwaya, "Shikamoo. Sukuma hapo nyuma, mlima unaanza." Na yule mama akasukuma. Walimpandisha hadi hospitalini na madaktari wakampasua siku hiyohiyo. Walisema angechelewa hadi jioni, asingepona.

Mtaani lakini hawakuzungumzia utumbo wa Machibya. Walizungumzia Winnie. Walimwita Mama Papua. Walisema mlima gani huo unaotema moto siku ya safari yao tu. Kisha likatoka lile neno nililokuwa nalingojea tangu mwaka wa tisini na moja: kwamba mlima ni hadithi ya Mwalimu, ukweli ni damu, na kwamba "ni ugonjwa uleule wa mzee."

Baada ya ibada ya Jumapili moja ya Desemba tuliombwa tubaki. Walibaki wazee wa kanisa, wakabaki na wengi wasioombwa. Mchungaji aliisoma ile faksi, nami nikaonyesha mahali penyewe kwenye ramani niliyokuja nayo. Mlima ukaeleweka. Nilidhani yameisha. Mzee Josephat akasimama.

"Mama Mwalimu, sisi hatuna ubaya. Hawa ni watoto wetu, tuliwalilia. Lakini maneno ni mengi huko nje na usharika unachekwa. Waseme tu, humu ndani, damu ilikuwaje. Wakisema, tutafunga midomo ya watu."

Hakusema kwa chuki. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Nilimwona Winnie akiinuka ukingoni mwa benchi. Angesema. Angesema chochote kile ili atoke, aende, afanye kazi. Rwekaza naye alikuwa amefungua mdomo.

"Kaeni," nilisema. Wakakaa, hata Winnie.

Nikasimama. "Mzee Josephat, mwaka jana ulimzika mdogo wako. Tulikuja wote. Nililala kwenye mkeka sebuleni kwako. Kuna mtu alikuuliza damu ilikuwaje?"

Nikamgeukia jirani yangu.

"Mama Justa, ulimzika binti yako akiwa na mtoto mchanga. Nani alikuuliza?"

Mama Justa aliinamisha kichwa. Hapakuwa na benchi ambalo lilikuwa halijazika mtu miaka ile.

"Mimi sitaki kuuliza," nilisema. "Lakini mkisikia ya nyumba yangu leo, Jumapili ijayo tuanze na benchi lipi?"

Josephat aligeuza kofia yake mikononi. Kisha sauti ikatoka nyuma mlangoni. Ilikuwa ya Machibya, amekonda, amejishika tumbo.

"Mimi si wa kanisa hili, nimemsindikiza mke wangu. Lakini mama huyu kanishika mahali ambapo hata mke wangu nilikuwa namkatalia. Kama mnapima watu, basi nipimeni na mimi."

"Kaa chini, kidonda kitafunguka!" Ng'washi alimkaripia, na watu wakacheka, kicheko cha watu waliofunguliwa kamba. Josephat alikaa. Hakuna aliyeuliza tena humo ndani. Nje ni habari nyingine, ndiyo maana naandika.

Tarehe mpya ilikuja Februari, kituo kingine, mbali na mlima. Mchungaji alitaka kuwaaga tena.

"Baba Mchungaji," Winnie alimwambia, "yale machozi hatujayamaliza. Tutatumia hayohayo."

Kwa hiyo wale wanaosema walitoroka, nawajibu kwamba walipanda treni mchana, stesheni ya Mwanza, jua likiwaka, na mimi nimevaa gauni langu la kanisani. Mzee Josephat alikuja. Alibeba sanduku. Ng'washi alileta samaki wa njiani ndani ya ile sufuria kubwa, Winnie akanyoosha mikono kuipokea.

"Samaki ni wako," Ng'washi alisema akiwamimina kwenye mfuko. "Sufuria inarudi na mimi. Niliinunua mnadani."

Winnie alicheka, stesheni nzima ikageuka. Sikumwambia kitu. Alipanda akashuka, akapanda, akahesabu masanduku, akashuka kunikumbatia, akapanda tena. Odeta aliwaamkia watu wote wa behewa kwa lugha ya huko, na hakuna aliyemwelewa. Treni ilipoondoka mkamwana wangu alikuwa dirishani, amekaa ukingoni mwa kiti.

Wako huko mpaka leo. Winnie anazalisha watoto wa watu na Rwekaza anatunza jenereta. Hayo ndiyo yaliyotokea, na yeyote anayesimulia vinginevyo hakuwepo.

Ama kuhusu damu ilisemaje, na mume wangu Longino aliugua nini, wanaohusika wanajua. Nilikataa kusema kanisani, nilikataa juzi kwa yule mwanamke mwenye huruma, na hapa pia sisemi.